Mchinja Kondoo: Kazi ya Wanafunzi Iliyongoja Miaka Thelathini

Katika shule nyingi wanafunzi hupenda kukutana baada ya masomo ili kutunga michezo ya kuigiza, na siku hizi wako wanaojaribu hata kupiga picha za sinema. Wazazi huuliza: Kazi hii ina faida gani? Wengine hujibu upesi kwamba ni upuuzi mtupu. Wengine husifu kila kitu kwa kuwa tu kimefanywa na vijana wao. Sisi twaona ya kuwa majibu yote mawili ni ya uvivu. Ni heri kuitazama kazi moja ya wanafunzi kwa makini, tuone uzuri wake na upungufu wake, ndipo tuhukumu. Kazi tuliyoichagua inaitwa Killer of Sheep, yaani Mchinja Kondoo, nayo ilitungwa na Charles Burnett alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, huko Marekani.

Kwanza yafaa msomaji ajue ilikotoka. Katika mji wa Los Angeles uko mtaa uitwao Watts, uliokaliwa na watu weusi, na wengi wao walikuwa wamehama kutoka majimbo ya kusini ili kutafuta kazi. Mwaka 1965 palizuka ghasia kubwa mtaani humo, watu 34 wakafa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa sababu ya madai ya wanafunzi wenyewe, chuo kile kilianza kuwapokea katika masomo ya sinema vijana wa jamaa zilizokuwa zimeachwa nje. Burnett, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1944 na kulelewa Watts, alikuwa mmoja wa wanafunzi wa miaka ile. Wengine walikuwa Haile Gerima kutoka Ethiopia, Larry Clark, Billy Woodberry na Julie Dash.

Desturi yao ilikuwa njema. Kila mwanafunzi alitakiwa atunge picha yake, aipige, na kuikata na kuiunga mwenyewe. Wenzake wakamsaidia kushika taa na kunasa sauti, na zamu yao ilipofika, yeye naye akawasaidia. Hivyo Burnett alikuwa mmoja wa wapiga picha wa Gerima katika Bush Mama, na baadaye alimwandikia Woodberry hadithi ya Bless Their Little Hearts na kumpigia picha zake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa twaona maana yake.

Sasa tuje kwenye picha yenyewe. Burnett aliipiga mtaani Watts, mara nyingi siku za mwisho wa juma, katika miaka ya mwanzo ya 1970, na mwaka 1977 akaitoa chuoni kuwa kazi ya kumalizia masomo. Gharama yake haikufika dola 10,000. Haina rangi, nayo huchukua muda wa dakika 80 hivi. Waigizaji wengi walikuwa majirani na watoto wa mtaa.

Habari yake ni ya mtu mmoja aitwaye Stan, mwenye mke na watoto wawili, afanyaye kazi machinjioni. Kutwa huchinja kondoo. Usiku hapati usingizi. Si mlevi, si mwizi, wala hakuitupa nyumba yake; lakini uchovu umemwingia moyoni, hata furaha haimkai. Hakuna jambo kubwa litukialo. Twamwona akitandika sakafu ya jikoni. Twawaona watoto wakiruka kutoka dari hata dari, na binti yake mdogo akitembea na uso wa mbwa wa bandia kichwani. Tena twamwona mke akicheza ngoma naye taratibu chumbani, akimshika kwa upendo, na wimbo ukiisha mume aondoka bila neno, mke amebaki peke yake dirishani.

Liko jambo moja hasa tungetaka kila mwalimu wa michezo ya kuigiza alitazame. Stan na rafiki yake wanunua injini ya motokaa kwa akiba yao ndogo. Waichukua kwa shida nyingi, wakiishusha ngazi, hata waipandisha nyuma ya gari. Yule rafiki ameumia kidole, hataki kuisukuma ndani zaidi; asema inatosha. Gari laondoka tu, injini yaanguka, yapasuka. Mwenye kuipiga picha yumo garini, basi sisi twaiona injini ikibaki njiani, ikizidi kuwa ndogo kadiri gari liendavyo. Hapana mtu atoaye hotuba juu ya umaskini, lakini mtazamaji amekwisha kuelewa jinsi jasho la juma zima lipoteavyo kwa hatua moja isiyokamilika.

Jambo la pili ni la maneno. Rafiki amwambia Stan kwamba wao ni maskini, naye akataa kwa ukali: mtu awezaye kuwapa wengine nguo zake za zamani hawezi kuitwa maskini, maskini ni yule jirani alaye majani ya porini. Sisi tuliozoea kuchuma mnavu na mchunga twaweza kutabasamu. Hata hivyo twamjua mtu huyu. Yumo katika kila kijiji: hana kitu, lakini hataki heshima yake ihesabiwe pamoja na vitu asivyo navyo.

Wako watakaosema kwamba picha hii haina funzo, maana mwisho wake Stan yuko pale pale machinjioni, hakutajirika wala hakuangamia. Sisi twakataa neno hilo. Watu waovu wamjia Stan wakimtaka awasaidie katika mauaji, naye hakubali, na mkewe awakemea mlangoni pasipo hofu. Je, hilo si funzo? Tofauti ni kwamba mtunzi hakulibandika mwishoni kama muhuri. Michezo mingi ya shule humwadhibu mlevi kwa radi na kumpa mwema ng'ombe kumi. Watoto hucheka, wakaenda zao, maana wajua ya kuwa maisha si hivyo.

Walakini upungufu upo. Sehemu nyingine zimeungwa kwa ulegevu, na mtazamaji asiyekuwa na subira aweza kupotea. Sauti mahali pengine si safi. Tena mke wa Stan, ambaye kwa maoni yetu ndiye mwenye nguvu kuliko wote, hakupewa hata jina. Mtunzi aliyeyaona mengi hivyo hakupaswa kuliacha hilo.

Tena kuna jambo la vyama vyote vya wanafunzi. Burnett alitia ndani nyimbo nyingi nzuri za waimbaji wenye sifa, lakini haki ya kuzitumia mbele ya watu wote haikuwa imelipiwa. Basi, ijapokuwa picha ilisifiwa Berlin mwaka 1981, na mwaka 1990 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya picha za kuhifadhiwa, haikuweza kuonyeshwa katika majumba ya sinema kwa kawaida. Ilingoja hata mwaka 2007, nyimbo zilipolipiwa dola 150,000, yaani zaidi ya mara kumi na tano ya gharama ya kuipiga. Na watu wa Watts, ambao habari ni yao, wangapi walikufa kabla ya kuiona? Heri ngoma ya mzee wa kijijini, iliyoombwa kwa adabu, kuliko wimbo wa mbali usio na ruhusa.

Kwa hiyo twawaambia wazazi: msiwazuie vijana. Nanyi vijana, kabla ya kuigiza wafalme na majambazi msiowajua, tazameni mtu arudiye jioni kutoka kazini, jinsi avuavyo viatu vyake, na jinsi akaavyo kimya mbele ya chakula. Mkiweza kumwonyesha huyo kwa kweli, hata jirani yake aseme, "Ndiye," mmefanya kazi kubwa kuliko mnavyodhani.