Kazimoto na Swali la Maisha

Katika riwaya ya Kichwamaji, iliyotoka mwaka 1974, Ndugu Euphrase Kezilahabi anatuletea Kazimoto, msomi wa chuo kikuu anayejiua kwa kuona kwamba maisha hayana maana. Wako waliosema kwamba hii ni falsafa ya kukata tamaa iliyotoka Ulaya, wakafunga kitabu. Hilo halitoshi.

Tuitazame misiba yenyewe. Manase, mkuu wa wilaya, anampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na kumwacha. Baadaye mtoto wa Kazimoto anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, kwa ugonjwa wa uzinzi. Hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha weka masharti ya uongozi, na bado Manase alikitumia cheo chake apendavyo! Mwandishi anayaeleza haya bila kuficha. Kazimoto akiyajumlisha anapata jibu moja tu: binadamu ndivyo alivyo. Hapo ndipo tunapopinga.

Lakini nasi tujikosoe. Mtu anayezika mtoto hafarijiki kwa kuelezwa habari za matabaka. Swali lake lilikuwa la kweli hata katika kijiji cha ujamaa, wala katibu wa tawi hakuwa na waraka wa kulijibu. Kasoro ni kwamba Kazimoto analiuliza peke yake. Wakulima wa kwao, wanaozika leo na kesho wakashika jembe, hawaulizi, na mwandishi naye hawapi nafasi ya kusema.