Mkono unarudi kweli? Tusome ile utafiti kwa jicho la shamba

Leo tuache mihogo kidogo, tuongelee mikono.

Mwezi wa tano 2024, gazeti la sayansi Nature Medicine lilitoa utafiti unaoitwa Up-LIFT. Watu 60 walioumia uti wa mgongo sehemu ya shingo, mikono ikabaki bila nguvu, walitibiwa katika vituo 14 vya Marekani, Kanada na Ulaya. Hakuna kupasuliwa. Wanabandikwa vibandiko kwenye ngozi ya shingo, umeme kidogo unapita, huku wanafanya mazoezi ya kushika na kubana. Watu 72 kwa mia walipata maendeleo ya nguvu na pia ya matumizi ya mikono. Kulikuwa hata mtu aliyeumia miaka 34 mbele ya hapo. Mwisho wa 2024 Marekani iliruhusu kifaa kiuzwe.

Ni kazi kubwa, siibomoi. Mwaka 2004 mtafiti Kim Anderson alitoa majibu ya watu 681 wenye kuumia uti wa mgongo. Wale ambao mikono na miguu vyote vimeguswa, kitu walichotaka cha kwanza ilikuwa mikono, mbele ya kutembea. Kushika kijiko mwenyewe si jambo dogo.

Lakini sisi wa agronomia, mtu akisema mbolea imezalisha, tunaulizaka: parseli isiyo na mbolea iko wapi? Katika Up-LIFT haikuwepo. Kila mtu alifanya miezi miwili ya mazoezi matupu, kisha miezi miwili ya mazoezi pamoja na umeme, akalinganishwa na yeye mwenyewe. Ni sawa vile kupima shamba moja, msimu A bila mbolea, msimu B na mbolea. Mvua ya msimu B je? Hapa mvua njo mazoezi yaliyoongezeka, na tumaini, juu kila mtu alijua umeme unapita. Kikundi chenye kifaa cha uongo kingetujibu. Najua, mtu aliyeumia zamani hategemewi kubadilika hivi hivi tu, kwa hiyo naamini umeme unasaidia. Unasaidia kwa kiasi gani, hapo njo hesabu inakosa.

La pili ni udongo. Walichaguliwa watu ambao uti haukukatika wote, mishipa fulani ingali inapitisha habari. Video zinasema tu "waliopooza". Familia yenye mtoto ambaye uti umekatika kabisa itaona ile video, itauza shamba. Ile sentensi moja inayokosa ina bei kubwa.

La tatu ni soko. Huko Cleveland, Marekani, kulikuwa kifaa Freehand, kinawekwa ndani ya mwili ili kufunga na kufungua vidole. Kiliruhusiwa 1997, watu zaidi ya 200 walikipata, kilifanya kazi. Mwaka 2001 kampuni ikakitoa sokoni. Nani anatengeneza mkono wako kama muuzaji ameondoka?

Na kuna ufundi usio na betri wala muuzaji: mtu mwenye nguvu kwenye kifundo cha mkono akikiinua juu, vidole vinajikunja vyenyewe, anaweza kushika kikombe chepesi. Fundi wa mazoezi anayejua kazi hanyooshi vile vidole kupita kiasi, juu akivilegeza, ule mshiko unapotea. Hilo halitoki kwenye video, lakini linahitaji tu mtu aliyefundishwa.

Kwa hiyo mukiona video ya mkono uliofufuka, mbele ya kushare muulize: walilinganishwa na nani? Walichaguliwa namna gani? Kifaa kikiharibika, nani atakitengeneza? Wenzetu wa udaktari na wa kine, mutusahihishe hapa chini. Tunawasubiri.