Mwiga Tembo: Uigaji wa Ustadi na Gharama Yake katika Mhusika Taskmaster

Katika hadithi za vibonzo za Marvel, Taskmaster, mhusika mwovu aliyebuniwa na David Michelinie na George Pérez mwaka 1980, hulitazama tendo mara moja tu akalirudia kwa ukamilifu. Huiga ulengaji upinde wa Hawkeye na urushaji ngao wa Captain America, ingawa nguvu zipitazo za binadamu haziwezi. Je, uwezo huu unakubalika kisayansi? Makala hii inashikilia kwamba swali hilo ni la kifasihi pia: uigaji husadikika pale ambapo simulizi humtoza mwigaji gharama.

Kujifunza kwa jicho si ndoto. Julius Yego, mrusha mkuki wa Kenya, alijifunza mbinu zake za awali kwa kutazama video za Jan Železný na Andreas Thorkildsen katika YouTube. Mwaka 2015, mjini Beijing, alitwaa ubingwa wa dunia kwa mita 92.72. Hata hivyo, kati ya video na mita hizo palikuwa na miaka ya mazoezi, yakiwemo mafunzo nchini Finland. Jicho hutoa umbo la tendo. Halitoi kipimo cha nguvu ipitayo mguuni, kiunoni hadi begani. Kipimo hicho mwili hukipata kwa kukosea na kujirekebisha. Aidha, miili haifanani kwa urefu wala uzito. Mwendo unaomfaa mmoja, ukinakiliwa bila kubadilishwa chochote, waweza kumharibia mwingine. Nakala kamilifu, basi, yaweza kuwa utendaji mbovu. Methali isemayo kuwa mwiga tembo kunya hupasuka msamba, japo haina staha, imelieleza jambo hili barabara.

Kijana wa Maua anayejifunza kuchuma miraa halihitaji somo hilo kitabuni. Kutambua kichipukizi laini ni kazi ya jicho. Kusimama tawini na kukichuma bila kuudhuru mti ni kazi ya unyayo na vidole, nayo hukomaa kwa kurudiwa.

Fanani wa jadi aliutambua ukweli huu. Katika baadhi ya ngano za zimwi, zimwi aigaye sauti ya mama ili watoto wamfungulie mlango hushindwa kwanza, kwa kuwa koo lake ni nene. Humlazimu aende kwa mganga au mhunzi akalibadilishe. Kisayansi, tiba hiyo haina mashiko. Kisanaa, ina mantiki, kwa sababu mwili umedaiwa na umelipa.

Taskmaster wa mwaka 1980 hakudaiwa kitu. Deni hilo lilizingatiwa katika mfululizo wa mwaka 2010, ulioandikwa na Fred Van Lente na kuchorwa na Jefte Palo. Humo, kila ustadi mpya hufuta sehemu ya kumbukumbu za mwigaji, hata maisha yake mwenyewe yakampotea. Ubongo si kapu linalojaa kiasi hicho, lakini uovu wa mhusika umepata uzito wa kitanzia.

Hata hivyo, malipo hayo ni ya kumbukumbu. Misuli ingali imesamehewa. Hapo ndipo zimwi anapomshinda Taskmaster kisanaa. Simulizi inayouonyesha ustadi kama picha ya kunyakuliwa humfunza msomaji kijana kuidharau kazi iliyouzaa ustadi huo, na mhakiki hana budi kuihoji.