Simba katika Ngozi ya Sungura: Nguvu na Ujanja katika Maandishi juu ya Kimathi

Swali la kama ugaidi hukomeshwa kwa nguvu za jeshi au kwa ujanja wenye subira si geni nchini Kenya. Maafisa wa kikoloni walilikabili wakati wa Hali ya Hatari (1952–1960), na baadhi yao wakaliandikia vitabu. Viwili vinastahili kuhakikiwa: The Hunt for Kimathi (1958), alichoandika Ian Henderson pamoja na Philip Goodhart, na Gangs and Counter-gangs (1960) cha Frank Kitson.

Dhamira ya vitabu hivi ni moja. Ndege zilidondosha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mnamo Aprili 1954 jeshi liliuzingira mji wa Nairobi na kuwakamata maelfu ya watu. Hata hivyo vita vya msituni viliendelea. Ndipo vikaundwa vikundi bandia: wapiganaji waliotekwa waligeuzwa, wakarudishwa msituni kuwawinda wenzao. Kimuundo, visa hivi vyafuata njia ya ngano. Shujaa ni mwenye akili, na mwenye misuli ndiye achekwaye.

Hapo ndipo penye kasoro. Katika ngano za Kiafrika, ujanja ni silaha ya mnyonge. Sungura humshinda simba kwa sababu hana makucha. Katika vitabu hivi simba amevaa ngozi ya sungura, na makucha yake yako pale pale. Yafaa msomaji aulize jinsi mateka alivyogeuzwa. Kitson aeleza kwa kirefu namna ya kumshawishi, lakini kitanzi chabaki kivulini. Kwa sheria za wakati ule, mtu aliyepatikana na risasi moja tu aliweza kunyongwa, na Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa. Basi ujanja haukuchukua mahali pa nguvu, bali ulizaliwa nayo.

Haki inataka ikubaliwe kwamba mbinu hiyo ilifanya kazi. Kikulacho ki nguoni mwako, wasema wahenga. Mpiganaji asiyeweza kumwamini mwenzake hawezi kulala wala kula kwa amani. Lakini hata hapa simulizi la Henderson lina kigugumizi. Baada ya miezi ya msako wa siri, aliyempiga Kimathi risasi kwenye ukingo wa msitu, tarehe 21 Oktoba 1956, alikuwa polisi wa kikabila aliyekuwa akilinda mpaka, wala si mmoja wa wale waliojigeuza sura.

Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, iliyotolewa kwa Kiingereza mwaka 1976 na kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi mwaka 1978 katika tafsiri ya Raphael Kahaso, imeliona jambo hili vizuri zaidi. Mhusika Shaw Henderson ni hakimu mahakamani, kisha aingia kizuizini akijifanya rafiki mwenye kutaka mapatano. Ushawishi ushindwapo, mateso hufuata. Nguvu na ujanja vimewekwa katika mwili mmoja. Kihistoria Henderson hakuwa hakimu, lakini kifani uamuzi huo wa watunzi ni sahihi.

Hata hivyo tamthilia nayo ina upungufu. Aliyegeuzwa aonekana kama msaliti tu. Njaa yake, hofu yake, na hesabu aliyoipiga usiku ule kati ya kitanzi na ndugu zake, havipewi sauti. Kitson alimsikiliza mtu huyu ili amtumie. Watunzi wa kizalendo wamemhukumu bila kumsikiliza. Bila yeye, hadhira haiwezi kuelewa jinsi vita vile vilivyopiganwa ndani ya nyumba moja.

Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003. Sanamu ya Kimathi ilizinduliwa Nairobi mwaka 2007. Na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wahanga 5,228 wa mateso. Hukumu hiyo ya wakati yavipita vitabu vyote viwili. Mabomu hayakujibu dai la ardhi, na vikundi bandia havikulijibu pia. Mwenye kulinganisha mbinu hizi mbili bila kuuliza aliyeitwa gaidi alikuwa akidai nini, amehakiki silaha na kuiacha kesi yenyewe.