Mbwa Anakaribishwa? Uhakiki wa Tafsiri Iliyosomwa Getini

Muhula uliopita, darasa letu la tafsiri lilipewa matini ya Kiingereza ya kurasa mbili: mwongozo wa watu wanaokwenda likizo mashambani Uingereza pamoja na mbwa wao. Unataja njia za matembezi, baa zinazopokea mbwa, na fukwe zinazomruhusu mbwa isipokuwa katika miezi ya joto. Kikundi chetu cha wanafunzi wanne kiliitafsiri na kupata alama nzuri. Katika makala haya naihakiki tafsiri hiyo, na mkono wangu umo ndani yake, kwa sababu ilikwama mbele ya msomaji wake wa kwanza nje ya darasa.

Msomaji huyo ni baba yangu. Ni zamu wa usiku katika ghala moja la Zone Industrielle, Bujumbura, na kwa miaka minane amelinda pamoja na mbwa mmoja. Kibao cha Kifaransa kwenye geti kinaonya kwamba mbwa ni mkali. Jioni moja nilimpelekea chakula, nikamsomea kazi yetu.

Kosa la kwanza ni la kamusi. Matini chanzi inataka mbwa afungwe kamba akipita karibu na kondoo. Uingereza ina sheria ya mwaka 1953 inayomwadhibu mwenye mbwa anayesumbua mifugo. Neno la Kiingereza la kamba hiyo lina pia maana ya kuongoza, nasi tukaandika kwamba mbwa "wawe chini ya kiongozi." Baba alicheka: "Basi huyu wangu hana neno, kiongozi wake ni mimi." Kosa hili huondolewa kwa kalamu nyekundu.

La pili ni zito zaidi. Tuliandika kwamba baadhi ya mabasi "huruhusu wanyama wa kufugwa." Baba akauliza kama ni mabasi au malori ya mnadani. Kwake mnyama wa kufugwa ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Kiingereza kina neno la mnyama anayekaa na watu nyumbani kwa kupendwa tu. Sisi tulijibu kwa kutaja zizi zima. Palitosha kusema "mbwa."

La tatu ni bakuli. Katika baa za huko, mbwa huwekewa maji. Tukaandika "hupewa maji kwenye bakuli." Mwenzetu wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu wengi, ndiye aliyeshtuka baadaye: bakuli la nani? Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa sana pwani ya Waswahili, chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Methali nayo inaonya: ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Msomaji wa namna hiyo akikutana na bakuli letu, haendelei na sentensi inayofuata. "Chombo chake mwenyewe" kingempitisha salama bila kuipotosha matini chanzi.

Eugene Nida, katika kitabu chake cha mwaka 1964, alitofautisha ulinganifu wa umbo na ulinganifu unaotafuta athari ileile kwa msomaji mpya. Sisi tulishika umbo. Tuliita hoteli "rafiki wa mbwa," maneno ambayo kwetu yanakaribia tusi, wakati Kiswahili kina sentensi nyepesi: "Unaweza kuja na mbwa wako."

Wapo darasani waliosema kosa si letu, kwamba jambo lenyewe halimo katika maisha ya Waswahili. Sikubaliani nao. Methali isemayo mbwa wa msasi mkali huwa mkali pia ilitungwa na watu waliotembea na mbwa porini wakazijua tabia zake. Na jijini Nairobi, katika msitu wa Karura, uleule aliopigania Wangari Maathai usigawiwe wajenzi, mbwa huingia na mwenyewe akiwa amefungwa kamba. Msamiati upo. Kilichokosekana ni sisi kumfikiria mtu atakayesoma.

Nilirekebisha tafsiri, nikarudi getini. Safari hii baba alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, basi hilo linalochukua mbwa, linafika Rumonge?"

Hapo ndipo nilipojua kwa nini alikuwa akisikiliza. Alikuwa amepewa likizo ya wiki mbili, ya kwanza tangu aanze kazi pale, na mbwa hali kwa mkono wa mtu mwingine. Alikwisha kuuliza kwenye kituo, konvoyeri akakataa kabla hajamaliza kusema. Nilimjibu kwamba mabasi hayo ni ya Uingereza. Akasema, "Nimeelewa," akamwita mbwa, wakaanza kuzunguka ghala.

Alikwenda Rumonge siku mbili, akarudi.

Tafsiri ya kwanza ilimchekesha, ya pili ikamuumiza. Kwa kipimo cha Nida ya pili ndiyo bora, kwani mwongozo ule uliandikiwa watu wasiotaka kumwacha mbwa nyuma, na baba aliusoma kama mmoja wao. Ningependa sisi wanafunzi tupimwe hivyo: kabla ya kupeleka kazi kwa mwalimu, tuisome kwanza kwa mtu mwenye haja nayo.