Yule wa Nane

Mwanzoni mwa *Schachnovelle* ya Stefan Zweig kuna kisa kidogo ambacho ni rahisi kukipita bila kukijali. Kijana Czentovic, yatima aliyelelewa na padri, asiyeweza kuandika sentensi moja bila makosa, anapelekwa mji wa jirani acheze sataranji na watu kadhaa kwa mpigo. Inachukua muda kumwelewesha kwamba atawakabili wote peke yake. Akishaelewa, anazunguka meza hadi meza na viatu vyake vizito vinavyolia, na kati ya michezo minane anashinda saba.

Sasa mimi, kila nikikisoma kitabu hiki, nakwama hapohapo. Yule wa nane ni nani? Alishinda au alitoka sare? Zweig hasemi. Anaendelea na safari yake.

Baadaye, melini, mambo ni yaleyale. Abiria wanacheza na bingwa wote kwa pamoja. Yeye akishasogeza kete anaondoka zake hadi mwisho wa ukumbi, nao wanamwita kwa kugonga glasi na kijiko. Hatua ya 24 wamekwisha. Anayeweza kumzuia Czentovic ni Dakta B. tu, aliyejifunza sataranji akiwa kifungoni mwa Gestapo, kutoka kitabu cha kuiba, hadi akili ikaruka. Namwelewa Zweig: aliandika akiwa uhamishoni Brazil, na kabla kitabu hakijatoka alijiua, Februari 1942. Bingwa wake ana sura ya dola inayokanyaga bila hata kutazama chini. Lakini jamani, mbona wachezaji wa kawaida anawafanya kama viti tu?

Tatizo si lake peke yake. Capablanca alicheza na watu 103 mjini Cleveland mwaka 1922, akashinda 102. Hesabu hiyo inarudiwa sana, na tunamkumbuka Capablanca. Aliyepata sare ile moja je?

Halafu kuna Hamburg, 1985. Kasparov, bingwa wa dunia, alikaa mbele ya wachezaji 8 wa klabu moja, wazuri kweli, na safari hii kukawa na saa. Hilo si jambo dogo. Kwa kawaida, bingwa akifika mezani kwako lazima usogeze kete, uwe tayari usiwe tayari. Ukiweka saa, dakika zake yeye ndizo zinazokatika kwenye mbao nane kwa wakati mmoja. Alifungwa 3.5 kwa 4.5. Mwaka 1987 alirudi akawapiga 7 kwa 1, maana kidonda kilimuuma. Czentovic haumwi hivyo na mtu wa kawaida, na hapo ndipo riwaya hii inaponipotezea kitu.

Niliwahi kukaa kwenye safu kama hiyo. Kivuli cha bingwa kilikuwa kikitangulia kufika ubaoni, na mkono ukawa unatetemeka kabla hajasimama. Nilimpoteza farasi kijinga, nikaaga mapema. Jirani yangu, mwalimu wa hesabu, aling'ang'ana na askari mmoja karibu saa nzima, hadi bingwa akanyoosha mkono: sare. Mzee hakushangilia. Aliikunja karatasi ya mchezo mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.