Damu ya watoto wa Muheza na kimelea kinachojiua

Watoto wawili wanakaa kijiji kimoja wilayani Muheza, mkoani Tanga, na mbu wanaowauma ni wale wale. Mmoja anapata homa, anameza dawa, anarudi kucheza. Mwingine anashikwa na degedege, anapoteza fahamu, malaria imempanda kichwani. Swali la nini hasa kinawatofautisha lilizaa utafiti ambao mbinu yake inastahili kuchambuliwa kuliko hata matokeo yake.

Kwanza, tuelewe ubongo unavyodhurika. Kimelea hakiingii ndani ya ubongo wenyewe. Chembe nyekundu za damu kilizozivamia hunata kwenye kuta za mishipa midogo, damu ikapita kwa shida. Seli za kinga nazo humwaga kemikali za kuchochea uvimbe, kuta za mishipa zikaanza kuvuja. Mwaka 2015, timu ya mtafiti Terrie Taylor nchini Malawi ilionyesha kwa picha za MRI kwamba watoto waliokufa kwa malaria ya ubongo, wengi wao ubongo ulikuwa umevimba vibaya.

Msingi wa kazi ya Muheza uliwekwa kati ya 2002 na 2006. Watafiti Patrick Duffy na Michal Fried, wakiwa na Watanzania Theonest Mutabingwa na Edward Kabyemela, waliwasajili watoto tangu kuzaliwa katika hospitali ya wilaya. Watoto 882 walipimwa mara kwa mara kwa wastani wa miaka 2, wengine hadi miaka 4. Kati yao, 102 walipata malaria kali angalau mara moja. Ikabainika kuwa wingi wa vimelea pekee hautoshi kueleza ukali wa ugonjwa: wapo waliokuwa na vimelea vingi mno bila kuzidiwa.

Hapo ndipo Jonathan Kurtis na Dipak Raj, wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walipogeuza utaratibu uliozoeleka. Watafiti wengi wa chanjo huchagua kwanza protini ya kimelea, kisha huuliza kama inakinga. Wao walianza na damu ya watoto wa Muheza wa miaka 2 waliokwisha kuonyesha ukinzani, wakaiweka kando ya ile ya wenzao walioendelea kuugua. Kisha walichukua virusi vinavyoshambulia bakteria, wakavipandikiza vipande vya jeni za kimelea ili vizalishe protini zake. Kila protini ikapimwa kwa damu za makundi yote mawili. Zilizonaswa na kingamwili za wakinzani tu, na kupuuzwa na za wenzao, ndizo zilizobaki mezani.

Mwaka 2014 walitangaza protini ya kwanza, PfSEA-1. Kingamwili dhidi yake hukizuia kimelea kisitoke ndani ya chembe nyekundu kiliyoivamia. Katika vipindi ambavyo watoto wa Muheza walikuwa na kingamwili hizo kwa kiwango cha kupimika, hakuna aliyepata malaria kali. Mwaka 2020 ikafuata PfGARP, inayojitokeza juu ya chembe iliyovamiwa. Kingamwili ikiigusa, kimelea hujiua. Katika maabara, asilimia 98 hadi 99 ya vimelea vilikufa. Watoto wa Tanzania wenye kingamwili hizo walikuwa na hatari ya malaria kali iliyopungua kwa nusu, na kima waliochanjwa kwa teknolojia ya mRNA walipata kinga ya kiasi.

Tahadhari ipo. Kuwa na kingamwili na kutougua ni mambo yanayoweza kuambatana bila moja kusababisha jingine, na ndiyo maana majaribio ya maabara na ya kima yalihitajika. Kima si mtoto wa Muheza. Hata hivyo pengo lipo wazi: chanjo za malaria za RTS,S na R21 hukilenga kimelea kabla hakijavamia chembe nyekundu za damu. Kikipenya hapo, kinahitajika kizuizi cha pili, na protini hizi zinaonyesha mahali pa kukijenga.

Hukumu yangu ni hii: mashine zilikuwa Marekani, lakini ugunduzi ulitegemea kumfuatilia mtoto tangu siku ya kuzaliwa. Bila rekodi za miaka ile, nani angejua damu ipi ni ya mkinzani? Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina kituo chake cha Amani hapo hapo Muheza. Serikali na wafadhili waigharimie kazi hiyo ya ufuatiliaji, na uchujaji wa protini zijazo ufanyike Tanga.